Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kupika na Kugandisha Chakula cha Wazazi Wapya, Kigoma

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wajawazito wanaokaribia kujifungua, waume zao, na ndugu, majirani na marafiki wa Kigoma wanaotaka kuwapikia mapema chakula cha kuhifadhi kwenye friza. Msimamo wangu nautaja mwanzoni ili majibu yanayofuata yaeleweke: kinachofaa kugandishwa ni kitoweo na mboga, yaani vile vinavyomaliza mkaa na kumfunga mpishi jikoni kwa saa nyingi, ilhali ugali na ndizi vipikwe siku ya kuliwa, kwa sababu havichukui muda mrefu na vikigandishwa huharibika ladha.

Kwa nini tupike mapema wakati ndugu wapo?

Ndugu ni msaada mkubwa, na hakuna friza inayoweza kushika nafasi ya mama au shangazi aliyekuja kumhudumia mzazi. Hata hivyo, wengi huja wiki ya kwanza, kisha mwenye shamba Kasulu hurudi shambani na mwenye ajira hurudi kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja, lakini likizo anayohakikishiwa baba ni siku 3 tu. Baada ya hapo mama anaweza kujikuta peke yake na mtoto anayetaka kunyonya kila baada ya saa mbili au tatu, huku maharage mabichi yakimsubiri jikoni. Kopo moja la maharage yaliyokwisha kuiva humpunguzia kazi ya asubuhi nzima, na mlo unabaki kuwa wa kupasha mboga na kusonga ugali.

Kuna sababu nyingine ambayo watu huisahau. Mama anayenyonyesha huhitaji takriban kilokalori 500 kwa siku zaidi ya alizohitaji kabla ya ujauzito. Njaa inayomwamsha saa tisa usiku ni njaa ya kweli, na chai ya rangi pekee haiwezi kuitosheleza.

Tuanze lini kupika?

Anzeni wiki ya 32 ya ujauzito na mmalize kabla ya wiki ya 37, kwa kuwa kuanzia hapo mtoto anaweza kuzaliwa siku yoyote. Mjamzito asisimame jikoni siku nzima kwa ajili ya kazi hii. Njia nyepesi ni kuongeza kipimo cha chakula mnachopika kila siku, mkala nusu na kugandisha nusu. Anayepika maharage kilo moja badala ya nusu kilo haongezi kazi kubwa wala mkaa mwingi, na baada ya wiki chache friza inajaa bila mtu kuchoka. Wanaotaka kupika kwa pamoja siku moja, dada na mawifi wakikutana, wafanye hivyo, ila wasipike vyakula vingi kuliko friza inavyoweza kuvigandisha kwa wakati mmoja.

Friji yetu ni ndogo na ina sehemu ya barafu juu. Inatosha?

Inategemea ubaridi wake. Friza ya kuhifadhi chakula kwa miezi inapaswa kufika nyuzi joto 18 chini ya sifuri. Tazama mlango wa ile sehemu ya barafu: friji nyingi huwa zimechorwa nyota. Nyota moja humaanisha nyuzi 6 chini ya sifuri, na chakula kilichogandishwa kinakaa humo kwa wiki moja hivi. Nyota mbili humaanisha nyuzi 12 chini ya sifuri, na chakula kinakaa mwezi mmoja. Nyota tatu humaanisha nyuzi 18 chini ya sifuri, na chakula kinakaa miezi mitatu au zaidi. Friji yenye nyota moja bado ina manufaa, lakini isiandaliwe chakula cha miezi; pikeni wiki ya mwisho na kuleni wiki inayofuata.

Barafu nene iliyojijenga ukutani huiba nafasi na kuilazimisha mashine kufanya kazi zaidi, hivyo iyeyusheni na kusafisha friza kabla ya kuanza kupika. Wale wanaouza barafu na juisi za kugandisha kutoka kwenye friza hiyohiyo wakumbuke kwamba mlango unaofunguliwa kila mara hupandisha joto ndani. Chakula cha mzazi kiwekwe chini kabisa, mbali na mlango.

Ni vyakula gani vinavyogandishika vizuri?

Kwa jumla, chochote chenye mchuzi mzito hugandishika vizuri, kwa sababu mchuzi huifunika nyama au mboga na kuizuia isikauke. Maharage, njegere, makande, rosti ya nyama ya ng'ombe au mbuzi, kuku wa kienyeji aliyechemshwa akalainika, supu ya nyama, mchuzi wa dagaa, sombe (mboga ya majani ya muhogo): vyote hivi vinafaa. Chapati zinafaa pia kuliko watu wanavyodhani. Zipozwe kabisa, zitenganishwe kwa karatasi safi ya jikoni au ya kuokea, zifungwe zisiguswe na hewa, kisha mzazi atoe moja moja na kuipasha moja kwa moja kwenye kikaango kikavu. Maandazi nayo hukaa vizuri.

Nyanya na vitunguu vilivyokaangwa pamoja hadi vikawa rojo, kabla ya kuwekwa kitoweo chochote, ni akiba ninayoithamini sana. Vikigandishwa kwenye vikopo vidogo, baba asiyezoea kupika anaweza kuchukua kimoja, akatia mayai au dagaa, na mboga ikawa tayari kabla ugali haujaiva.

Sombe inagandishwaje?

Sombe ndiyo mboga inayostahili zaidi kazi hii, kwa sababu hakuna mzazi wa wiki mbili mwenye nguvu ya kutwanga majani ya muhogo. Lakini ndiyo pia mboga isiyotaka haraka. Majani ya muhogo yana kemikali zinazotoa sianidi, ambayo ni sumu. Kutwanga huyapasua majani na kuifanya sumu hiyo ianze kutoka, na kuchemsha kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi huiondoa pamoja na mvuke. Kugandisha hakufanyi kazi hiyo. Sombe iliyotwangwa na kugandishwa ikiwa mbichi, kama wanavyofanya baadhi ya watu, bado inatakiwa kuchemshwa ipasavyo siku ya kupikwa, na mzazi aliyechoka anaweza kushawishika kuiepua mapema. Kwa hiyo nashauri igandishwe ikiwa imekwisha kuiva.

Itwange au uisage, uichemshe katika maji mengi bila kufunika kwa muda usiopungua saa moja hadi ilainike na harufu ya ubichi iishe, ndipo uiunge kwa kitunguu, mawese na karanga zilizosagwa. Dagaa watiwe mwishoni. Sombe ikianza kupoa utaona mawese yakipanda juu na kutengeneza utando wa rangi ya chungwa, ambao kwenye friza huwa mgumu kabisa. Hilo si dalili ya kuharibika, kwani mawese huganda yenyewe hata nje ya friza kukiwa na baridi kidogo. Usiuondoe. Utando huo unaikinga sombe isikaushwe na hewa ya friza, na rangi yake inatokana na karotini, ambazo mwili huzigeuza kuwa vitamini A anayoihitaji mama anayenyonyesha. Siku ya kupasha, koroga tu na mafuta yatarudi mahali pake.

Na maharage?

Maharage ya Kasulu na Kibondo hayana mpinzani katika friza. Kilo moja ya maharage makavu hutoa zaidi ya kilo mbili za maharage yaliyoiva, kiasi cha milo mitano au sita kwa watu wawili. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji uliyolowekea, weka maji mapya, na uhakikishe yanatokota kwa nguvu kwa dakika zisizopungua 10 kabla ya kupunguza moto. Sharti hili si la urembo. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha, na moto mdogo usiofikia kutokota hauiondoi hata sufuria ikikaa jikoni saa nyingi.

Ninapendelea nusu yagandishwe yakiwa yameungwa na nusu yakiwa meupe, pamoja na maji yake ya kuchemshia. Yale meupe yanaweza kugeuzwa makande, kuungwa kwa mawese au kupondwa kwa ajili ya mtoto atakapofikisha miezi sita, mradi hayakutiwa chumvi. Kama mnapenda maharage ya nazi, tui litiwe siku ya kula, kwa kuwa tui lililogandishwa hujitenga likawa maji na chengachenga.

Samaki wa ziwa wanafaa?

Wanafaa, kwa masharti mawili: wawe wabichi kweli, na waliwe mapema kuliko nyama. Mafuta ya samaki huendelea kuharibika polepole hata kwenye baridi kali, na baada ya muda mgebuka aliyekuwa mtamu huwa na ladha ya mafuta yaliyochacha. Mimi huwawekea samaki ukomo wa miezi miwili.

Nunua asubuhi, mara boti zinapotia nanga Kibirizi au Katonga, na usiwazungushe juani. Mgebuka au kuhe atolewe matumbo na matamvua, aoshwe, akaushwe maji, akaangwe, kisha atiwe kwenye rosti ya nyanya iliyokwisha kuiva. Kabla ya kumgandisha, toa mifupa. Kazi hii inachosha na wengi huiruka, lakini mzazi mara nyingi hula kwa mkono mmoja, mtoto akiwa amelala kwenye mkono wa pili, tena kwa mwanga hafifu wa taa ya chumbani. Kuchambua miba katika hali hiyo ni hatari na ni kero. Minofu mitupu ndani ya mchuzi huliwa kwa kijiko bila wasiwasi.

Dagaa wakavu hawahitaji friza. Wachambue, uwatoe mchanga, uwakaushe tena juani au kwenye kikaango na uwaweke kwenye chombo kisichopitisha unyevu.

Upatikanaji nao una majira yake. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mbalamwezi inapong'aa samaki hupungua na bei hupanda. Nunueni wakati wa giza. Aidha, mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Mjamzito anayetarajia kujifungua katikati ya mwaka aulize mapema kama ziwa litafungwa, apange kununua kabla, na kwa kuwa samaki waliogandishwa hawafiki miezi mitatu bila kupoteza ladha, sehemu kubwa ya akiba yake iwe dagaa wakavu.

Ni vyakula gani tusivigandishe?

Ugali wa mahindi au wa muhogo hukatikakatika na kutoa maji. Viazi mviringo huwa na chengachenga, mayai ya kuchemsha huwa magumu kama mpira, na bamia na mlenda hupoteza ule mvuto wake. Ndizi za kupika huweza kugandishwa zikiwa zimepondwa ndani ya mchuzi wa nyama, lakini zikiwa nzimanzima hubadilika rangi na kuwa laini mno. Saladi, matango na kachumbari visikaribie friza. Lengalenga na matembele huiva kwa dakika chache, hivyo sioni sababu ya kuvipa nafasi ambayo ingekaliwa na sombe.

Wali je?

Wali unaweza kugandishwa, ila unataka nidhamu. Mchele huweza kuwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa kwenye sufuria yenye uvuguvugu, mbegu hizo huchipua na bakteria hutoa sumu ambayo hata kupasha moto upya hakuiondoi. Utandaze kwenye sinia mara tu unapoiva, upoe ndani ya saa moja, na uingie kwenye friza kwa vifungu vya mlo mmoja mmoja. Kama kuna mtu wa kupika wali siku hiyohiyo, apike.

Chakula cha moto tukipoze vipi kabla ya kukigandisha?

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na ndipo ningependa msomaji asome polepole. Bakteria huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi joto 5 na 60, na jikoni mwa Kigoma mchana sufuria kubwa iliyofunikwa hubaki ndani ya kiwango hicho kwa saa nyingi. Kanuni ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Baridi ya friza haiui bakteria bali huwasimamisha tu, kwa hiyo kilichoingia kikiwa kimeanza kuharibika kitatoka kikiwa hivyohivyo.

Usisubiri sufuria ipoe yenyewe. Chota chakula uweke kwenye vyombo vipana, kina chake kisizidi upana wa vidole vitatu, au kalisha sufuria ndani ya beseni la maji ya baridi na ukoroge kwa mwiko safi. Maji ya beseni yatapata moto baada ya dakika chache. Yamwage, weka mengine, na ukipata barafu itie. Rosti ya nyama iliyotoka jikoni ikitokota huweza kufika hali ya kushikika kwa muda usiozidi nusu saa kwa njia hii. Ndipo ugawe kwenye makopo, uyaweke kwanza kwenye friji yapate ubaridi kama nafasi ipo, kisha kwenye friza. Usiingize makopo mengi ya uvuguvugu kwa mara moja, kwa sababu yatayeyusha yale yaliyokwisha kuganda. Weka machache, yaachie nafasi hewa ipite katikati, na mengine yafuate kesho.

Tutumie vyombo gani?

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019, na hata kabla ya hapo haikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mchuzi wa moto. Tumieni makopo ya plastiki yaliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, yenye mifuniko inayobana, au vyombo vya alumini vyenye kifuniko. Kopo la nusu lita linatosha mboga ya watu wawili, na ni bora kuwa na makopo madogo mengi kuliko makubwa machache. Ndoo za rangi na makopo ya dawa za kilimo, hata yakioshwa namna gani, hayafai kabisa.

Maji yakiganda ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 9. Acha nafasi ya upana wa kidole juu ya mchuzi, la sivyo mfuniko utafunguka au kopo litapasuka. Chupa za kioo zisitumike isipokuwa zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Juu ya kila kopo bandika kipande cha gundi ya karatasi kilichoandikwa jina la chakula, tarehe na kama kina pilipili. Mchuzi wa nyama na maharage vikiganda hufanana sana.

Chakula kinakaa muda gani?

Kikikaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bila kukatizwa, chakula hubaki salama kwa muda mrefu. Kinachopungua ni ladha. Supu, rosti na sombe ziliwe ndani ya miezi miwili au mitatu, maharage ndani ya miezi sita, samaki ndani ya miezi miwili, chapati ndani ya miezi miwili au mitatu. Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka.

Umeme ukikatika tufanyeje?

Msifungue mlango. Friza iliyojaa ikibaki imefungwa huhifadhi ubaridi kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu kwa takriban saa 24. Ndiyo maana nafasi iliyobaki ijazwe chupa za plastiki zenye maji yaliyogandishwa, na pia ndiyo maana uniti za LUKU zisiachwe ziishe usiku katika wiki za mwanzo za mtoto.

Mkisafiri, au mkiwa hospitali siku kadhaa, mtajuaje kama umeme ulikatika kwa muda mrefu? Gandisheni maji kwenye kikombe, kisha wekeni sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu. Mkirudi mkaikuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka na kuganda tena, na chakula hicho kisiliwe. Umeme ukirudi na chakula bado kina chembe za barafu, au kina ubaridi wa friji, kinaweza kupashwa na kuliwa au kugandishwa tena, ingawa ladha yake itashuka. Kilichokaa na joto zaidi ya saa mbili kitupwe. Najua inauma kumwaga sufuria nzima ya nyama kwa bei ya sasa, lakini mzazi aliyetoka kujifungua, pengine kwa upasuaji, si mtu wa kubahatisha tumbo lake.

Kinayeyushwaje na kupashwaje?

Njia bora ni kuhamisha kopo kutoka kwenye friza kwenda kwenye friji usiku, ili mchana liwe limeyeyuka. Mwenye haraka alikalishe kopo lililofungwa kwenye maji ya baridi, au atie kipande cha mchuzi kilichoganda moja kwa moja kwenye sufuria yenye maji kidogo, moto mdogo, huku akikoroga. Kisichofaa ni kuliacha kopo mezani au dirishani tangu asubuhi, kwa sababu nje hupata joto wakati katikati bado barafu. Chakula kipashwe hadi kifike angalau nyuzi joto 70 hadi katikati; kwa kuwa wengi wetu hatuna kipimajoto cha jikoni, mchuzi utokote kabisa, na vipande vya nyama vikatwe kuhakikisha katikati pana moto. Kipashwe mara moja tu, kiasi kinacholiwa.

Kazi hii apewe baba. Haihitaji ujuzi, na yeye ndiye atakayekuwa macho mama akinyonyesha.

Mama mkwe anasema mzazi hapaswi kula kiporo. Tumjibuje?

Kwa heshima, na kwa kukubali kwamba ana hoja. Kiporo anachokijua yeye ni chakula kilicholala jikoni kwenye sufuria, katika joto, na hicho kweli kimewaumiza wengi; katazo lake linalinda mzazi. Mwelezeni kwamba chakula hiki kilipozwa na kugandishwa siku kilipopikwa, na kwamba kitatokota tena mbele yake. Bora zaidi, mshirikisheni mapema. Mwambieni, “Mama, tunaomba uje utupikie sombe yako tuiweke akiba ya mzazi,” na mkono wake ukiwa ndani ya chakula hicho, hataona sababu ya kukikataa. Akitaka supu ya siku hiyohiyo ipikwe, na ipikwe. Friza haikuwekwa kushindana naye.

Pilipili, kabichi na maharage havimpi mtoto tumbo la gesi kupitia maziwa?

Mama anayenyonyesha hahitaji kuepuka chakula chochote kwa jumla. Gesi inayotokea tumboni mwa mama haipiti kwenye maziwa. Endapo mtoto ataonekana kusumbuka kila mara baada ya mama kula chakula fulani, kiachwe kwa muda na mhudumu wa afya aulizwe. Pilipili itengwe pembeni ili kila mtu ajitilie. Chai nayo inywewe mbali kidogo na mlo, kwa sababu hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma kwenye maharage na mboga za majani. Chungwa au embe baada ya kula hufanya kinyume chake.

Maziwa ya mama yanaweza kukaa kwenye friza hiyohiyo?

Yanaweza, katika chombo safi chenye mfuniko na tarehe, yakitengwa na nyama na samaki. Kwenye friji hukaa hadi siku 4, na kwenye friza ni vizuri yatumike ndani ya miezi 6. Nje ya friji muda unaotajwa ni saa 4 kwa joto lisilozidi nyuzi 25, na kwa kuwa mchana wa Kigoma mara nyingi huzidi hapo, yasiachwe nje. Yapashwe kwa kukalisha chombo kwenye maji ya uvuguvugu, si jikoni.

Tunaweza kupeleka chakula hiki hospitali?

Ndiyo. Kwa mzazi aliyelazwa Hospitali ya Maweni au kituo kingine cha afya, tokotesha chakula, suuza hotipoti kwa maji yaliyochemka ili ipate joto, jaza, funga, na kifike kikiwa bado cha moto sana. Kisichomalizika ndani ya saa mbili baada ya kufunguliwa kisirudi nyumbani kuhifadhiwa. Aliyejifungua kwa upasuaji asilishwe chochote kabla wauguzi hawajaruhusu, hata ndugu wakisisitiza.

Hatuna friza. Tumeachwa nje?

Hapana. Akiba yenu iwe ya vitu vikavu: dagaa waliosafishwa, maharage yaliyochambuliwa na kupimwa kwa mlo mmoja mmoja, karanga zilizokaangwa, unga wa uji uliokwisha sagwa, mawese, chumvi ya Uvinza. Kwa vilivyopikwa, ombeni nafasi ya makopo machache kwa jirani mwenye friza na mchukue moja kila asubuhi, la kutumika siku ileile. Ndugu wapangiwe zamu, kila mmoja na siku yake, ili wasilete vyakula vya siku tatu kwa mchana mmoja.

Nataka kumpikia jirani aliyejifungua. Nianzie wapi?

Uliza kabla ya kupika. Jua kama wana nafasi kwenye friza, kama kuna nyama wasiyokula, kama nyama inapaswa kuchinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu, na kama mama ameambiwa apunguze chumvi kwa sababu ya shinikizo la damu. Pika bila pilipili, chumvi iwe kidogo, gawanya kwenye makopo ambayo hutaki yarudishwe, na uandike kila moja linavyopashwa. Ukifika, makopo yapitishe jikoni kwanza yasianze kuyeyuka wakati mnasalimiana. Na kama mama amelala, mkabidhi aliyepo na uondoke.